Jina Letu la Kazi Liandikwe na Nani?



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni hili: namna mfanyakazi awezavyo kujenga jina lake la kazi, na kujuana na watu wa kazi yake, kwa njia ya mitandao ya kijamii iliyomo ndani ya simu. Twajua wengine wakisoma maneno haya watacheka na kusema, "Hayo ni mambo ya vijana wa Nairobi wenye digrii. Sisi watu wa koleo na nyundo yatuhusu nini?" Tafadhali msicheke kwanza. Sisi wenyewe tulicheka, na kicheko chetu kikatutokea puani.

Sikilizeni habari yenyewe. Katika gangi yetu walikuwako watu wawili. Wa kwanza alikuwa mzee wetu, ambaye hapa tutamwita Mzee tu. Alifanya kazi ya njia miaka 11 chini ya mkandarasi. Mzee huyu aijua reli kama mtu ajuavyo njia ya kwake usiku. Akitembea juu ya mataruma, mguu wake peke yake humwambia mahali kokoto zilipolegea. Wa pili alikuwa kijana, na Mzee ndiye aliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza.

Kijana huyu alikuwa na desturi moja iliyotuudhi. Kila kazi ikiisha, aliomba ruhusa kwa nyapara, akatoa simu na kupiga picha. Hakupiga picha ya uso wake, bali ya kazi. Kisha akaandika tarehe, mahali, na kilichofanywa: leo tumebadili mataruma 40, leo tumeunga reli kwa moto, leo tumejaza kokoto penye kona. Jioni aliyaweka hayo katika ukurasa wake wa Facebook, na baadaye katika LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi. Sisi tulimpa jina, tukamwita Bwana Picha. Tulimwambia, "Wewe fanya kazi, acha maringo."

Mkataba wa mkandarasi ulipokwisha, tuliachishwa kazi sote siku moja. Hatukupewa barua yo yote, wala sisi hatukuidai, maana hatukujua. Baada ya miezi michache akaja mkandarasi mwingine, akataka watu waliozoea kazi ya njia. Tukaenda tukapanga mstari. Karani akamwuliza kila mtu, "Ushahidi wa kazi uko wapi?" Mzee akamwonyesha viganja vyake. Karani yule hakuwa mtu mbaya, lakini viganja haviingii katika faili. Zamu ya kijana ilipofika, alifungua simu, na kazi ya miaka mitano ikaonekana pale, na tarehe zake, na jina la nyapara aliyethibitisha. Kijana akaandikwa kazi. Mzee aliyemfundisha akarudi nyumbani, na baadhi yetu tukarudi pamoja naye.

Ndugu, jambo lile lilituuma sana. Kwanza tulimkasirikia karani, kisha tukamkasirikia kijana. Baadaye tulipokaa na kufikiri tukaona kwamba kosa lilikuwa letu pia. Kwa miaka yote ile tulifikiri kwamba kazi yetu inajulikana kwa kuwa sisi wenyewe twaijua.

Wazee wetu walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ndiyo tuliyomtupia kijana kila mara. Wala si methali mbaya. Lakini tazameni ilitoka katika mahali pa namna gani. Katika kijiji au mtaa mdogo, seremala hodari hahitaji tangazo, maana kila mtu amekwisha kalia kiti chake. Watu humpita mlangoni, nacho chema hujiuza kwa sababu mnunuzi akiona. Je, mnunuzi asiyepita mlangoni pako ataonaje? Leo mtu anayetafuta fundi wa Voi yupo Nairobi, na anayetafuta fundi wa Nakuru yupo Kisumu au hata ng'ambo. Chema kilichofunikwa hakijiuzi.

Tena sisi watu wa reli tulikuwa na kijiji chetu cha namna yake. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya mwajiri mmoja. Fundi aliyepanda cheo Nairobi aliweza kuhamishiwa Kampala au Tabora, na jina lake likamfuata ndani ya faili la shirika lile lile. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli ikagawanywa. Mwaka 2006 reli yetu ikakodishwa kwa kampuni, na mwaka 2017 mkataba huo ukakatizwa. Mwaka huo huo wa 2017 reli mpya ya SGR ikaanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Kila mabadiliko yanapokuja, mafaili huhama, wakubwa huhama, na mtu aliyekujua vema jana leo hayupo. Wengi wetu sasa twafanya kazi kwa mikataba ya miezi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna faili moja linalotufuata. Basi kama hakuna, ni nani atakayeliandika?

Hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Wazee wetu walikuwa na kumbukumbu ya kazi, lakini haikuwa mali yao. Iliitwa kipande. Kililetwa kwa sheria ya mwaka 1915, kikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa nacho. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake siku ya kuingia kazini, mshahara, na siku ya kutoka. Asipotia sahihi kwamba mtu ameachiwa, mtu yule hakuweza kwenda kuajiriwa kwingine bila kuvunja sheria. Ndiyo sababu wazee walikichukia, na katika malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku akamatwe mwaka 1922, kipande kilikuwamo.

Twakumbusha habari hii kwa sababu moja. Kumbukumbu ya kazi ni kitu chenye nguvu, na ubaya wa kipande ulikuwa kwamba kalamu ilishikwa na mkono mmoja tu, mkono wa mwajiri. Leo, kwa mara ya kwanza, kalamu imo mifukoni mwetu, nasi twaitumia kutazama mipira na kutumiana picha za maua zenye salamu za asubuhi!

Pengine mtu atasema, "Lakini sheria yatulinda." Ni kweli, nayo ifaa tuijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema mfanyakazi akitoka kazini ni lazima mwajiri ampe cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho chapasa kuonyesha jina la mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali pake, na siku aliyotoka. Mwajiri akikataa kwa makusudi au kwa uzembe, ni kosa la kushtakiwa. Basi kila mmoja wetu akidai! Nasi tuliporudi nyumbani bila cheti tulikuwa tumeacha haki yetu mezani.

Lakini someni kifungu hicho hicho mpaka mwisho. Chasema pia kwamba mwajiri halazimishwi kuandika sifa ya tabia yako wala ya uhodari wako. Maana yake, sheria yatoa tarehe na jina la kazi tu. Kwamba wewe ni fundi ambaye reli aliyoiunga haijapata kufunguka, hilo sheria haimlazimishi mtu yeyote kulisema. Hilo litasemwa na wewe mwenyewe, pamoja na wenzako waliokuona.

Sasa, lisemwe namna gani? Sisi hatukusoma sana. Tulisoma shule ya misheni, tukaishia darasa la nane, na Kiingereza chetu ni cha kuombea maji. Hata hivyo kijana alikubali kutufundisha, tukaona si kazi ngumu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, andika kazi, usiandike cheo cha kujipamba. Mtu akisema yeye ni "mtaalamu wa uongozi wa njia za chuma" huku alikuwa akibeba kokoto, siku ya kazi ataumbuka. Sema ulichofanya, wapi, tangu lini mpaka lini, na kwa vyombo gani. "Nimefanya kazi ya njia miaka 11. Najua kubadili mataruma, kupima upana wa njia, kujaza kokoto." Maneno hayo yatosha. Ukiwa umefanya mtihani wa ufundi wa NITA, andika daraja ulilopata, la tatu, la pili au la kwanza, maana hilo mwajiri yeyote nchini alielewa. Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokijua vema, halafu mtoto wako aliye shuleni akusaidie kuweka Kiingereza chini yake.

Pili, picha iwe ya kazi, nayo ipigwe kwa ruhusa. Tusisikie hata mara moja kwamba mtu wa reli amesimama katikati ya njia akijipiga picha. Injini haijui kusubiri. Tena usionyeshe karatasi za mizigo, wala chumba cha kuongozea treni, wala ajali. Ajali ni huzuni ya jamaa za watu na ni kazi ya wachunguzi. Mtu aliyepeleka picha ya ajali ili asifiwe amelichafua jina lake kwa mikono yake.

Tatu, msifu mwenzako. LinkedIn ina mahali ambapo mtu mmoja aweza kuandika ushuhuda juu ya kazi ya mwingine, na Facebook nayo haikatazi. Nyapara aliyestaafu, fundi mkuu, dada yetu wa karakana anayefunga nyaya za mabehewa, kila mmoja aweza kuandika mistari mitatu ya kweli juu ya mtu aliyefanya kazi naye. Mistari mitatu ya mtu aliyekuona kazini yazidi kurasa kumi za kujisifu.

Nne, usijuane na rafiki zako tu. Hili tulilisikia katika semina, tukashangaa. Mwaka 1973 mwalimu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika juu ya watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemjua. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Chini ya watu 17 katika kila 100 walisema walionana naye mara nyingi. Wengi, zaidi ya nusu, walisema walionana naye mara moja moja tu, na waliobaki kwa nadra. Ukifikiri utaona sababu. Rafiki yako wa kila siku anajua yale yale unayojua wewe. Gangi yetu yote iliachishwa kazi siku moja, basi nani kati yetu angemwambia mwenzake penye kazi? Habari mpya hutoka kwa mtu wa mbali kidogo, yule mliyefanya naye kazi juma moja Naivasha, au yule dereva wa lori aliyewaletea mataruma. Zamani mtu kama huyo akiondoka amepotea. Leo namba yake na ukurasa wake vyabaki.

Haya hayakuwa maneno ya semina tu. Kijana alipokwisha kuandikwa kazi, hakumsahau aliyemfundisha. Aliandika katika ukurasa wake, kwa Kiswahili chepesi: "Kila ninalojua juu ya njia nilifundishwa na Mzee huyu. Yuko nyumbani bila kazi." Akaweka picha ya Mzee akipima njia, baada ya kumwomba ruhusa. Mtu mmoja tuliyefanya naye kazi siku chache tu, miaka mingi nyuma, akayaona. Alikuwa sasa katika kiwanda chenye njia yake ndogo ya reli iliyoharibika. Mzee akapata kibarua cha miezi mitatu. Si makubwa, na hatutaki kuwadanganya kwamba simu ni mti wa pesa. Lakini Mzee alipolipwa siku ya kwanza alikuja kutuamkia, akasema, "Kumbe nilikuwa nikijulikana, ila hakuna aliyesema." Maneno hayo hatujayasahau.

Sasa tuseme juu ya hatari, maana si vema kumsifia mtu daraja bila kumwonyesha ubao uliooza.

Wezi wako mle. Ukiona tangazo la kazi ya Qatar au ya Saudia, mshahara mnono, nawe watakiwa kutuma fedha kwa M-Pesa kabla ya kuonana na mtu, shika mfuko wako. Kampuni zinazopeleka watu ng'ambo zapaswa kuandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza huko kwanza. Usiweke hadharani namba ya kitambulisho, wala picha ya hati ya mshahara.

Maneno nayo yana bei. Mwajiri husoma. Ukiamka na hasira ukamtukana msimamizi mbele ya watu elfu, umempa sababu aliyokuwa akiitafuta. Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta nayo iliweka adhabu kwa mtu anayesambaza habari za uongo akijua ni za uongo. Hatusemi mfanyakazi akae kimya akionewa. La! Twasema malalamiko yapite kwa mwakilishi wa wafanyakazi na kwa chama, ambako yana nguvu na wewe una mgongo wa kukulinda. Kujiunga na chama ni haki yako chini ya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, wala usiifiche.

Tena kumbukeni nyumba hizi si zetu. LinkedIn ni mali ya Microsoft tangu mwaka 2016. Facebook na WhatsApp zina mwenyewe mmoja. Wenye nyumba waweza kubadili kufuli siku yoyote. Kwa hiyo kila ulichoweka mle, weka nakala kwingine, nacho cheti chako cha karatasi kitunze kama unavyotunza hati ya shamba.

Na jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Mtandao wa simu si badala ya chama. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wengineo, waligoma, na kila siku wakakutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Hawakuwa na simu mifukoni. Walikuwa na miguu, na midomo, na kuaminiana, na katika mgomo ule wakaunda chama chao. Vidole gumba elfu moja katika Facebook haviwezi kukaa mezani na mwajiri kupatana mshahara. Mtu mmoja mwenye jina zuri aweza kupata kazi, lakini mshahara wa kazi hiyo utabaki mdogo kama hatuko pamoja. Jina lako likujenge wewe, na chama kitujenge sote.

Basi twaleta pendekezo mbele ya matawi. Kila tawi lichague Jumamosi moja katika mwezi, vijana wenye kujua simu wakae na wazee, wawaandikie kurasa zao za kazi. Katibu na wawakilishi wa wafanyakazi wawe pale kuthibitisha kwamba kilichoandikwa ni kweli. Kundi la WhatsApp la tawi liwekewe amri moja: habari za kazi, za mafunzo na za haki tu, na salamu za maua ziende kwingine. Na kila mwanachama anayetoka kazini asaidiwe kudai cheti chake cha utumishi kabla hajavua buti. Gharama yake ni bando kidogo na chai.

Twajua wako watakaosema bado kwamba huku ni kujitangaza, na kwamba mtu mwungwana hajisifu. Twawajibu kwa heshima: kusema kweli juu ya jasho lako si kujisifu. Reli hii ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na vitabu vyataja majina ya mainjinia na ya magavana. Waliobeba chuma chenyewe walikuwa maelfu, na wengi wao hatuwajui hata kwa jina moja. Sisi wajukuu wao katika kazi tusizikwe vivyo hivyo, hali kalamu tunayo.

Bwana Picha sasa twamwita Mwalimu. Anakuja Jumamosi.

Ni sisi wenzenu wa reli.